Nafasi ya Mgeni

Kwenye uwanja wa shule ambayo mama yangu ni mwalimu mkuu palikuwa na mahali pasipokanyagwa. Palikuwa mbele kidogo ya mlingoti wa bendera, pamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na upana wake ungetosha watoto wanne kusimama bega kwa bega. Kila asubuhi madarasa yalipojipanga, mstari wa mbele uliacha pengo hapo, kisha ukaendelea upande wa pili kana kwamba hakuna kilichokosekana. Tuliliita pengo hilo nafasi ya mgeni. Mpira ukiingia ndani ya mawe, uliopolewa kwa fimbo. Na mwalimu wa zamu alipopaza sauti, "Mgeni njiani!", shule nzima ilirudi nyuma hatua moja, kimya, na uwanja ukawa mpana ghafla, kama chumba kilichotolewa kitanda.

Mimi nilisoma hapo. Nilirudi nyuma hatua hiyo utoto wangu wote, na mgeni hakufika.

Shule ilipokaribia kutimiza nusu karne, kamati ya wazazi iliniomba niandike historia yake. Mwenyekiti wao, fundi friji ambaye pikapu yake inajulikana na mtaa mzima kwa mlio wake, alinisimamisha mbele ya duka la dawa.

"Si wewe ndiye unayesomea mambo ya kale huko chuo kikuu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mambo ya kale ndiyo sisi. Tuandike kabla hatujachacha."

Nilikubali kwa furaha ambayo sikujaribu kuificha. Niliamini, na ningali ninaamini, kwamba shule ya umma ni ahadi ambayo watu wasio na kitu walipeana wao kwa wao, na kwamba ahadi ya namna hiyo inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule ambao wengine huandikia vita na mikataba. Shule yetu ilianza pembezoni mwa mji, mahali ambapo barabara ya lami ilikuwa haijafika. Kabla yake palikuwa na kiwanda cha kufyatulia matofali kilichokwisha kufungwa, na madarasa ya kwanza yalikuwa mabanda ya kukaushia matofali hayo. Mji ukatufuata baadaye: kituo cha mafuta, saluni, nyumba za kupanga zilizobanana ukuta kwa ukuta. Watoto wa kwanza waliketi juu ya matofali mabovu, wakaandika juu ya magoti yao. Mwalimu mkuu wa kwanza aliwatafuta nyumba kwa nyumba. Mwalimu huyo ni babu yangu, baba mzazi wa mama.

Nilihoji watu wengi, na kila mmoja nilimwuliza kuhusu nafasi ya mgeni. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye watoto walimbandika jina la Rula kwa sababu ya rula iliyokuwa haitoki kwapani mwake, alishusha sauti.

"Kuna mtoto alifariki kwa surua mwaka ule wa mwanzo. Ile ni nafasi yake. Hatukupenda kulisema."

Mshona nguo wa karibu na kituo cha mafuta, aliyesoma kabla ya enzi za Rula, aliangua kicheko mpaka akasimamisha cherehani.

"Surua gani? Ile ni ya rais! Tuliambiwa rais akija atasimama pale."

"Na alikuja?"

"Aje kufuata nini, dada? Kumegewa chaki?"

Sikuvunjika moyo kwamba majibu yanapingana. Nilivutiwa. Niliandika ukurasa mzima kuhusu shule inayomtunzia nafasi asiyekuwepo, nikausoma mbele ya kamati, na nilipoumaliza nikaongeza pendekezo ambalo lilinijia palepale. Nilisema kwamba mgeni aliyengojewa miaka yote hii si mwingine ila mtoto mwenyewe. Siku ya sherehe, kwa nini pengo lisizibwe? Kwaya ya shule isimame pale, iimbe, na nafasi hatimaye ipate mwenyewe.

Walipiga makofi. Mama alijifuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake, na mama si mtu wa kulia ovyo.

Mawe yakaondolewa. Pale katikati palikuwa pamebonyea kidogo, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeona jambo ambalo niliona pia linafaa kuandikwa: baada ya mvua, madimbwi yalijaa uwanja wote, lakini nafasi ya mgeni ilikauka kabla ya pengine popote. Niliandika kwamba hata mvua ilipaheshimu. Lori likaleta kifusi cha changarawe, vijana wa mtaani wakakimwaga kwenye bonde lile na kukishindilia, na kwaya ikaanza mazoezi. Mwimbaji kiongozi alikuwa mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kinanda kwa sababu hata akiosha vyombo hanyamazi.

Babu nilimweka mwisho. Nilidhani hadithi yake ninaijua. Picha yake imetundikwa ofisini kwa mama, juu ya kabati la vifaa vya michezo, akiwa kijana mwenye tai nyembamba. Aliiongoza shule miaka michache ya mwanzo, akahamishwa kwenda mbali, akafundisha huko mpaka alipostaafu, na aliporudi kuishi nasi katika chumba kilicho karibu na jiko alikataa katakata kukanyaga shuleni. "Chaki nimeila ya kutosha," alisema kila alipoalikwa. Sisi tulisema ni unyenyekevu.

Mchana huo nilimkuta ameketi kitandani, miguu ndani ya soksi, akijaza fumbo la gazeti.

"Karibu, mchumba. Umekuja kunihoji au kunioa?"

"Kukuhoji, Babu. Mahari sina."

"Basi uliza upesi kabla hujazeeka."

Nilisogea upande wa sikio lake linalosikia vizuri, nikamsomea nilichoandika. Aliitikia kwa kichwa kwenye habari za mabanda, akanisahihisha jina la ufundi wa baba wa mwanafunzi fulani, akanyamaza nilipomsifu. Kupitia dirishani, kwa mbali, nilisikia ngoma ya kwaya. Shule iko karibu hivyo. Nilipofika kwenye nafasi ya mgeni, Babu alicheka, akacheka hasa, mabega yakitetema.

"Hee! Hiyo wanayo mpaka leo?"

"Ipi, Babu?"

"Ya mgeni. Wanaisema mpaka leo?" Alivua miwani akajifuta macho. "Mjukuu wangu, ile niliitunga mimi. Asubuhi moja, huku nanyoa ndevu."

Nilitabasamu, kalamu mkononi. Nilifikiri nimepata dhahabu. "Kwa nini uliitunga?"

"Sasa ningefanyaje? Pale pana kisima. Cha wale wafyatua matofali. Kirefu, halafu mdomo wazi kama huu." Alinyoosha mikono yote miwili. "Nikatafuta magogo, nikayalaza juu, nikapigilia mbao, nikaweka mabati, nikafukia na udongo. Haya. Wewe umwambie mtoto, usiende pale, pana kisima. Atafanyaje?"

"Ataenda," nilisema. Sauti yangu ilikuwa bado ya mtu anayefurahia hadithi.

"Ataenda, na atamchukua mwenzake! Kwa hiyo nikawaambia, hapa ni nafasi ya mgeni. Ukiikanyaga, siku akija atakosa pa kusimama, na aibu ni yenu. Aa, hakuna aliyethubutu. Na wakaguzi walipokuja, nikaona wanaelekea palepale kwa kishindo, na watoto nyuma yao. Nikapiga kelele, 'Mgeni njiani!' Watoto wote wakarudi nyuma, mkaguzi naye akashtuka akarudi nyuma. Akaandika kwamba nidhamu ni ya hali ya juu."

"Wakaguzi uliwaambia pana kisima?"

Kicheko chake kilikoma.

"Wangeifunga shule."

"Babu."

"Wangeifunga, mama. Kabla haijatambaa. Na watoto wa huku wangekwenda wapi? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Swali lingine lilikuwa limekwisha kunijaa kinywani. "Kilijazwa lini?"

"Nilimwambia yule aliyenipokea uongozi. Nilimwambia, pale asisimame mtoto mpaka pashughulikiwe."

"Na yeye alijaza?"

Babu aliitazama kalamu yake. "Atakuwa alijaza. Miaka yote hii, asijaze?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini maji ya mvua hayakukaa pale. Yalikuwa na pa kwenda.

Ngoma ilikuwa ikiendelea kulia. Wimbo wao ulikuwa na mahali ambapo waimbaji wote hupiga mguu chini kwa pamoja, na niliusubiri mguu huo huku nimesimama katikati ya chumba kama niliyesahau kutembea. Nilipousikia, nilikimbia. Nilimpigia mama simu nikiwa njiani, nikijua kwamba ni bure. Kanuni yake mwenyewe inataka simu za walimu zikae ndani ya droo hadi watoto waende nyumbani. Nilipita saluni, nikapita duka la dawa, kiatu kimoja kikabaki mahali ambapo sipakumbuki.

Nilipofika langoni niliwaona. Kwaya ilikuwa imesimama juu ya changarawe mpya, mistari miwili, sare zimepigwa pasi. Mpiga ngoma alikuwa pembeni. Mbele ya wote, katikati kabisa, alisimama Kinanda, mikono nyuma, kidevu juu. Mama na mwalimu wa kwaya walikuwa kivulini mwa baraza.

Nilikuwa tayari kupiga kelele kwamba chini pana kisima. Neno hilo lilinifika kwenye ulimi, na hapo nikawaona kama alivyowaona Babu: wataruka, watasukumana, wengine watainama kuchungulia. Kwa hiyo nilijaza kifua pumzi, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mgeni njiani!"

Wimbo ulikatika. Watoto wote, bila hata kugeuka kutafuta ni nani aliyesema, walirudi nyuma hatua moja.

"Mgeni njiani!"

Hatua nyingine. Mstari wa nyuma ukatoka kwenye changarawe.

"Mgeni njiani!"

Mstari wa mbele ukatoka. Alibaki Kinanda peke yake, kwa sababu alikuwa ametangulia mbele ya wenzake. Alinitazama, akatabasamu tabasamu lile la jukwaani, akidhani ni sehemu ya sherehe ambayo hakuambiwa.

"Dada, nimekosea?"

"Hujakosea. Rudi nyuma polepole. Usiruke."

"Ndiyo naanza ubeti wangu sasa hivi."

"Utauimba. Rudi tu, mdogo wangu. Tena. Tena kidogo."

Alirudi. Changarawe ilitoa sauti ndogo ya kusagika chini ya viatu vyake, sauti ambayo changarawe yoyote huitoa. Alipofika kwa wenzake, mama alikwisha kunifikia, na macho yake yalikuwa yale ya ofisini.

"Umepatwa na nini wewe? Unaingia shuleni kwangu kiatu kimoja, unawaamrisha watoto?"

"Mama, pale chini pana kisima."

"Nani kasema?"

"Babu. Alikifunika mwenyewe. Hakikujazwa."

"Baba angekwisha kuniambia," alisema mama, na akaanza kwenda pale kama mtu anayekwenda kuondoa kiti njiani. Nilimkamata mkono. Sijawahi kumkamata mama yangu namna ile. Vidole vyangu viliacha alama. Aliutazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi. Karibu na baraza palikuwa na nondo ndefu zilizoletwa kwa ajili ya jukwaa. Alichukua moja, akasimama mbali kadiri mkono ulivyoweza kufika, akaisimika katikati ya changarawe na kuikandamiza.

Mara ya kwanza iligoma. Mama alinitupia jicho lililosema, unaona? Akaikandamiza tena, kwa uzito wa bega. Ilizama taratibu, ikagusa kitu laini kama keki iliyolowana, kisha ikamponyoka mkononi na kwenda zake yote, kana kwamba kuna aliyeipokea kwa chini.

Tulisubiri. Hakuna aliyetuambia tusubiri. Niliweza kusikia bendera ikijipiga kwenye mlingoti. Halafu ikaja sauti ya chuma kugonga tofali, ikaja tena chini zaidi, na mwisho kabisa sauti ya maji.

Changarawe ikaanza kumiminika kuelekea pale nondo ilipopita, polepole, kama unga unaochekechwa, mpaka likafunguka tundu la ukubwa wa sufuria. Hewa iliyotoka humo ilikuwa baridi na ilinuka matofali mabichi. Mwalimu wa kwaya alikaa chini, mahali alipokuwa, sketi yake nyeupe juu ya vumbi. Mama hakukaa. Aliwageukia watoto na kuwaambia, kwa sauti ya kila siku, wachukue mabegi yao na watokee mlango wa nyuma, bila kukimbia. Alipomfikia Kinanda alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechagua tikiti, akamwachia.

Pikapu ya fundi friji ilisikika kabla haijaonekana. Babu, aliyekuwa amemwita fundi kwa simu aje kumchukua, alishuka akiwa na soksi bila viatu. Sikumbuki kama amewahi kupita lango lile tangu nizaliwe. Alikwenda mpaka mama alipokuwa, akalitazama tundu.

"Mna watoto wangapi ndani?" aliuliza. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Hakuna mtoto ndani, Baba."

Alishika mlingoti wa bendera.

"Ulijua?" mama alimwuliza.

"Nilijua kimejazwa."

"Nani alikuambia kimejazwa?"

Fundi friji alijifanya anaangalia tairi.

"Nilijiambia," alisema Babu.

Nilikuwa nimejifunza chuoni kwamba mashahidi husahau, hupotosha, hupamba. Hakuna aliyenifundisha la kufanya shahidi anapokuwa mzee mwenye soksi zilizotoboka vidoleni, ambaye jana ulikuwa umempa ukurasa mzima wa sifa. Hasira ilinipanda, nikataka kumwuliza ni mara ngapi alilala usingizi wake wote huku mwanawe mwenyewe akijipanga pale kila asubuhi, kwa sababu mama naye alisoma shule hiyo, na mimi, na Kinanda. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeyaondoa mawe. Hasira haikutoka; ilikosa tu pa kusimama.

Sherehe iliahirishwa. Wahandisi wa manispaa walizungushia uwanja uzio wa mabati, wakashusha kamba yenye uzito, wakatikisa vichwa. Jioni mama aliweka chai mezani, akaniambia, "Andika yote."

"Hata la wakaguzi?"

"Nimesema yote."

Babu alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Andika," alisema. "Ila uandike pia kwamba wangeifunga."

Niliandika vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na mpaka sasa sijapata sentensi ya kuviunganisha.

Wiki iliyofuata shule ilifunguliwa tena. Gwaride lilihamishiwa upande wa pili, kando ya madarasa mapya, juu ya ardhi ambayo wahandisi waliipima na kuipitisha. Babu aliomba aletwe. Alivaa tai. Alisema anataka kuwaambia watoto kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hakukuwa na mgeni, na mama, ambaye tangu siku ile alimsemesha kwa adabu tu, alikubali.

Kengele ikagongwa. Watoto walikuja mbio, wakajipanga. Mstari wa mbele ulianza kwenye ukingo wa baraza, ukaja, ukaja, ukafika katikati, ukaacha pengo la watoto wanne, kisha ukaendelea upande wa pili.

Hakuna aliyewaamrisha. Hapakuwa na jiwe wala alama.

"Sogeeni mzibe hapo," alisema mwalimu wa zamu.

Hawakusogea. Walitazamana. Kinanda, mstari wa pili, alinitazama mimi, na nilitambua kwamba hata yeye, aliyesimama juu ya kisima na kusikia nondo ikizama, miguu yake ilikuwa imeganda.

Babu aliuona ukimya ule, na nadhani ndiye pekee aliyeuelewa wote. Alishuka barazani kwa fimbo yake, akapita mbele ya mama, akaingia katikati ya pengo na kusimama humo. Alipiga mguu chini. Akapiga tena, kwa nguvu, vumbi likaruka juu ya kiatu chake kilichong'arishwa.

"Mnaona?" alisema, na sauti yake ilipasuka. "Ni udongo tu. Hapa chini hamna kitu, wanangu. Njooni. Njooni msimame na mimi."

Shule nzima ilimtazama. Halafu wote, bila neno, wakarudi nyuma hatua moja.

Mtoto wa darasa la kwanza, karibu kabisa na mahali niliposimama, alimvuta mwenzake mkono wa shati.

"Kumbe ndiye huyu," alinong'ona. "Amefika."